Spika ya Kushoto

3 Februari

Shemeji,

Kaa kwanza. Kama umeshika chuma cha kulehemu kiweke chini, maana sitaki dada yako anilaumu kwa vidole vyako.

Jana mchana Kokoto aliingia dukani kwetu kunyolewa. Ndiyo, huyo huyo, mghani wetu. Yule tuliyemsikiliza kwenye ukumbi wa shule siku ya mvua, wakati wasikilizaji walikuwa sisi, mlinzi, na watu waliokosa basi. Alikuwa na kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Nilimtambua alipokohoa. Sauti ile ya changarawe haina pacha.

Viti vilikuwa wazi, lakini hakukaa. Mwenye duka alimwita, "Karibu hapa kaka, hapa kuna feni." Akatikisa kichwa, akasimama kusubiri kiti changu, kile cha mwisho kinachogusana na ukuta upande wa kushoto. Juu yake alikuwa amekaa karani mmoja ambaye nywele zake zimekwisha ila maneno hayajaisha. Nilimnyoa yule karani mbio mbio kama namenya kiazi.

Hatukuzungumza muziki. Aliuliza kama wembe ni mpya. Nikasema ni mpya. Basi. Lakini nimenyoa mabwana harusi na nimenyoa askari, na sijawahi kunyoa kichwa polepole vile.

Najua sheria yetu. Simu ni ya salamu na misiba, muziki tunaandikiana, na kila mmoja asikilize albamu peke yake kabla ya kujua maoni ya mwenzake, tusije tukakubaliana kwa heshima. Albamu yake mpya nimeshaisikiliza. Nasubiri barua yako ndipo nitoe yangu.

Dada yako anakusalimu. Anasema ile pasi uliyomtengenezea inapata moto upande mmoja tu.

Wako,
Kinyozi


11 Februari

Shemeji,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, na haikupungua.

Nikuulize kitu. Nani aliyekata picha za Kokoto magazetini tangu tuko kidato cha pili? Nani aliyejua mistari yake yote, hata ile aliyoghani kwenye redio mara moja halafu hakuirudia? Wewe ulikuwa shabiki wa Binti Kanuni, yule mghani wa kike. Kokoto ulimwita "yule mwenye mafua." Leo kichwa chake kimelala mikononi mwako, na mimi niko huku kwenye banda natoa mende ndani ya redio za watu. Kweli penye miti hapana wajenzi.

Nywele zake zikoje, ngumu au laini? Ana kovu? Hukuandika chochote cha maana. Umeandika habari za karani.

Haya, albamu. Mistari bado inayo uzito, sikatai. Ule wimbo wa mama anayefua nguo za watu ungeweza kunitoa machozi, kama nisingekuwa nimetoka kumwona mwimbaji wake kwenye ubao wa barabarani, meno yote nje, ameshika pakiti ya sabuni ya unga. Mama alichubuka vidole ili mwana aje kuiuza sabuni!

Lakini lililonichoma ni sauti yenyewe. Nimeisikiliza kwenye zile spika zangu mbili kubwa. Upande wa kushoto umepandishwa mno. Ngoma, vinanda, hata pumzi zake, vyote vinakusukuma kutoka kushoto, na kulia kumebaki kama chumba kilichohamwa. Nikarudi kwenye albamu iliyotangulia: na hiyo imeinama, ila kidogo. Ya kwanza kabisa imenyooka kama rula. Nimelifikiria kifundi na nimepata jibu. Siku hizi watu wanasikiliza kwenye simu, na simu ina spika moja. Kwa hiyo wachanganyaji wake wanarundika kila kitu mahali pamoja ili kipige kelele sokoni. Sisi wenye spika mbili, sisi tuliomlea, hatumo tena kwenye hesabu. Hiyo ndiyo biashara, shemeji. Huisikii kwenye maneno, unaisikia kwenye nyaya.

Pasi mwambie dada aigeuze.

Wako,
Fundi


22 Februari

Shemeji,

Wivu wako umefika kabla ya barua. Nilipoifungua bahasha ulinirukia usoni.

Nami nimeisikiliza albamu. Sikusikia mambo ya kushoto na kulia, redio yetu ni ya spika moja na tumeiweka juu ya kabati. Nilisikia mtu mzima anayeghani taratibu kuliko zamani, anaitafuna kila silabi kana kwamba anaogopa itaanguka. Niliipenda kuliko zote.

Na hiyo sabuni ina dhambi gani? Binti Kanuni alikataa kila kampuni iliyomfuata. Tukampigia makofi, tukasema huyo ndiye mwenye msimamo, halafu albamu yake tukaazimana nakala moja mtaa mzima. Leo anauza madaftari na hajatoa wimbo tangu dada yako hajazaa. Makofi yetu hayakumpikia. Wewe mwenyewe, ikija kampuni ikupakie banda lako rangi mpya, utasema hapana, mimi ni fundi mwenye msimamo?

Sasa nikupe kidogo, maana najua una njaa. Amekuja tena. Safari hii kiti cha ukutani kilikuwa kimepelekwa kushonwa ngozi, nikamkalisha kile cha katikati, akawa hana raha. Mara akaingia muuza viatu wa mlango wa pili, shabiki wa zamani kama sisi. Akamsimamia begani, upande wa kushoto, akasema kwa adabu kabisa, "Kokoto, kaka yangu, mimi nilikuwepo ile siku ya mvua." Kokoto kimya. Hata shingo hakugeuza. Akarudia. Kimya. Muuza viatu akatoka, akasema mlangoni, "Umaarufu ni pombe ya watu wasiokunywa." Duka zima likacheka. Mimi nilikuwa namtazama kwenye kioo, na hakuwa na uso wa mtu anayeringa. Ilikuwa kama hayo yote yalitokea chumba cha jirani.

Hili ni lako wewe tu. Usilitoe nje.

Wako,
Kinyozi


6 Machi

Shemeji,

Ikae akilini kwamba habari hii nakupa mwenyewe kabla hujaisikia kwa watu. Kile kipindi cha Jumamosi asubuhi, cha wapenzi wa muziki wa kughani, kiliomba maoni kuhusu albamu ya Kokoto. Niliyokuandikia wewe niliyaandika upya kwa mpangilio, nikayatuma. Wakanipigia. Nikazungumza hewani! Mtangazaji aliniuliza, "Kwa hiyo wewe umesikia kwenye waya kitu ambacho sisi tulikikosa kwenye masikio?" Nikamjibu ndiyo, maana kazi yangu ni kusikia kinachouma kabla hakijaungua. Wamenipa jina: Fundi wa Spika. Wananitaka kila Jumamosi.

Mwanamke mmoja alikuja kutoka mtaa wa tatu kuleta redio nzima, haina ubovu wowote, anataka tu kuniona.

Kwa hiyo si wewe peke yako uliye karibu na wakubwa.

Wako,
Fundi (wa Spika)


15 Machi

Shemeji,

Tulikusikia. Redio ya dukani huwa wazi kila Jumamosi. Una sauti nzuri, na hukukwama.

Nakuomba jambo moja tu. Sema utakalo kuhusu sabuni. Sema ameuza roho, sema amezeeka. Lakini habari za upande wa kushoto ziache. Usiniulize sababu, sitakuambia, wala dada yako sijamwambia. Mimi ni kinyozi. Mtu akivua kofia mbele yangu, nilichokiona kinarudi chini ya kofia.

Na yale ya muuza viatu, nakukumbusha, ni yako tu.

Kinyozi


30 Machi

Shemeji,

Kumbe sasa mna siri.

Barua yako niliisoma nikacheka, kisha kicheko kikanigeukia. Miaka yote tunaandikiana hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake "usiniulize." Umemnyoa kichwa mara ngapi, tayari umekuwa msemaji wake? Unamlinda Kokoto dhidi yangu mimi? Mimi ndiye niliyekushika mkono nikakupeleka kumsikiliza! Ulikuwa unataka kurudi nyumbani, unasema viatu vimelowa.

Nimeelewa. Mtu akionja umaarufu, hata wa kuangukiwa na nywele za mwenye jina miguuni, inatosha kujiona wa ndani. Mnataka nisiguse kushoto kwa sababu hapo ndipo ukweli ulipo, na ukweli unaharibu mauzo.

Jumamosi iliyopita sikuacha kushoto. Na mtangazaji alipouliza kama mtu huyu bado ana habari na mashabiki wake, nikasimulia ya muuza viatu. Duka sikulitaja. Simu zilipigwa mpaka kipindi kikapitiliza muda. Mmoja alisema hatanunua tena hata sabuni yenyewe.

Halafu kuna kampuni ya betri imeanza kudhamini dakika zangu. Wamelipaka banda rangi nyekundu na njano, wameandika FUNDI WA SPIKA kwa herufi zinazoonekana kutoka kituo cha basi. Najua utakalosema. Tofauti ni kwamba betri ni kitu ninachokitumia.

Fundi


10 Aprili

Kaka,

Hii si barua ya muziki, kwa hiyo sheria zenu hazinihusu. Ningepiga simu lakini ningelia, na wewe nikilia unakata.

Mume wangu hajaandika na hataandika. Tangu siku ile uliyosema ya muuza viatu, yule mtu wenu hajakanyaga dukani. Waliokuwepo ni wachache, na aliyenyoa ni mmoja, hakuhitaji mpiga ramli kujua maneno yametokea wapi. Mwenye duka amemtoa mume wangu kwenye kiti chake cha ukutani, alichokuwa akinyolea tangu aajiriwe, amempa kile cha katikati kinachoyumba. Kamwambia mbele za watu, "Kinyozi mwenye mdomo ni sawa na wembe wenye kutu." Mume wangu! Ambaye mimi mwenyewe nikimuuliza nani kaja leo ananijibu "watu wenye nywele."

Redio nikiiwasha Jumamosi anaizima. Nimemuuliza, kuna nini hasa kwa huyo Kokoto ambacho kaka hapaswi kukisema? Akanijibu, "Mke wangu, kichwa cha mtu si gazeti." Akaenda kuoga.

Wewe ni kaka yangu na nakuheshimu. Lakini tangu utotoni, ukimwona mwenzako ana mkate unamwambia umeungua. Huu haukuungua. Ulikuwa tu haumo mkononi mwako.

Pasi imekufa kabisa, pande zote mbili.

Dada yako


6 Mei

Shemeji,

Nimechelewa. Barua ya dada niliijibu kichwani kila siku na kila siku nilikuwa na haki. Kisha akaja mwalimu.

Ni mwalimu mstaafu, mama mtu mzima, jirani wa banda langu. Aliniletea redio yake, ile ya spika mbili, akasema, "Mwanangu, ya kushoto inafifia." Nikaifungua, nikaipima, nikaona ni nzima. Nikamrudishia. Baada ya wiki huyo tena: "Mwanangu, hukuitengeneza." Nikaiwasha mbele yake. Nikamwambia, mama, si inalia? Akasema hailii. Kisha akageuza kiti, akaegemeza bega lake la kushoto ukutani, akanielekezea upande wa kulia, akasema, "Sasa rudia ulichosema, huko sikukusikia."

Nilibaki nimesimama na bisibisi mkononi. Niliuona ukuta wako. Nilimwona mtu aliyepita viti vyenye feni akasubiri cha ukutani. Nilimwona muuza viatu amesimama begani.

Mwalimu nilimwambia ukweli wake kwa upole na nikampeleka kwa daktari mwenyewe. Ya mtu mwingine sitayaandika. Wala usinijibu. Ukinijibu hata kwa neno moja utakuwa umesema, na najua hujasema.

Ila nikueleze nilichofanya. Nilifunga banda mchana, watu wakadhani kuna msiba. Nikaweka albamu kwenye spika zangu mbili. Nikachukua pamba, nikaziba sikio la kushoto, si sana, kiasi cha kupunguza. Shemeji, ikanyooka. Ngoma zikarudi katikati, vinanda vikakaa mahali pake, na sauti yake ikasimama mbele yangu kama vile siku ya mvua. Hakuna aliyeirundika kwa ajili ya simu za sokoni. Aliipanga yeye mwenyewe, kwa makini kuliko mtu yeyote, mpaka ikamkaa sawa. Ni kazi bora kuliko zote alizofanya. Ndiyo maoni yangu kuhusu albamu, na hakuna pa kuyapeleka.

Jumamosi nikaenda kituo cha redio. Mtangazaji alikuwa na furaha zake. "Fundi wa Spika! Leo tunamchana nani?"

Nikamwambia leo nimekuja kujichana mwenyewe. Nilichosema kuhusu kushoto nimekifuta. Spika yangu ndiyo iliyokuwa mbovu.

"Spika yako? Wewe fundi?"

"Waya ulikuwa umelegea kulia. Sikuukagua."

"Umetuongoza wiki zote hizi na spika mbovu?"

"Mganga hajigangi," nikamwambia. Alicheka mpaka akakohoa. Nikasema pia kwamba ya muuza viatu niliielewa vibaya nikaongeza chumvi, na aliyenisimulia hakuwa na kosa. Simu zikapigwa kuliko siku zote. Mmoja aliuliza kama redio yake iko salama kwangu au aje aichukue. Akaja akaichukua. Na wengine wakaja.

Kampuni ya betri imetuma mtu na ndoo ya chokaa. Jina langu limefutwa, ila chokaa ni nyepesi, likipigwa na jua la mchana linaonekana kwa chini. Watoto wa shule wakipita wanaimba "fundi kushoto, fundi kushoto."

Kwa kiti chako, na kwa maneno niliyokuandikia Machi, niwie radhi. Viatu vyako vilikuwa vimelowa kweli siku ile.

Lakini nikuambie jambo, na ulipokee kiume. Wewe umekishika kichwa chake. Mimi nimesikia kwa sikio lake. Nadhani nimekupita.

Wako,
Fundi


20 Mei

Shemeji,

Barua yako ya tarehe sita sikuipata. Imepotea njiani, nadhani. Kama ningeipata, ningekuambia kwamba dukani kwetu pamba ni tele, na kwamba mtu mzima anaweza kukaa kwenye ghala la mataulo na redio ya kuazima, sikio limezibwa, mpaka mwenye duka agonge mlango aulize kama anaumwa. Lakini kwa kuwa sikuipata, sijui chochote, na hakuna sababu ya mimi kukosa usingizi kwa wivu kwamba jambo hilo lilikuja kichwani kwako na si kwangu, mimi niliyekuwa nacho kichwa chenyewe.

Ijumaa aliingia. Kofia ile ile. Kwenye kiti cha ukutani alikuwa mwenzangu mwingine. Kokoto akasimama, akaniangalia mimi. Mwenye duka akatazama huku, akatazama kule, kisha akasema, "Haya, badilishaneni, mnangoja nini?" Nikarudi kwenye ukuta wangu.

Nilipomfunga shuka akaniuliza kwenye kioo, "Yule fundi wa redioni mwenye spika mbovu, ni wa kwenu?"

Nikaacha wembe hewani. "Ni shemeji yangu."

"Ilikuwa mbovu kweli?"

"Kaka, mimi nanyoa. Spika sizijui."

Akanitazama sana. Kisha akafumba macho, mabega yakashuka, na kabla sijafika nyuma ya sikio akaanza kughani. Chini chini, bila kutikisa taya, ili nisimkate. Ni mpya. Bado haijarekodiwa. Inamhusu mtu mmoja aliyevunja chombo chake mwenyewe mbele ya watu, na alipofika kwenye kina cha mwisho nililazimika kusimamisha kazi nikajidai nafuta wembe.

Maneno yake ninayo yote. Nimeyarudia njia nzima mpaka nyumbani, dada yako akadhani nasali.

Lakini sheria ni sheria, shemeji, na uliiweka wewe. Kila mmoja asikilize mwenyewe kwanza. Subiri albamu.

Nywele ni laini.

Wako,
Kinyozi